Rakori kwenye Bomba la Baba

Ko, ko… ko. Chuma juu ya chuma. Mbili za haraka, halafu ya tatu inachelewa kidogo, kama mtu aliyevuta pumzi kwanza. Sauti ile haikupita hewani. Ilipita chini ya ardhi, ndani ya bomba, ikatokea kwetu uani kwenye robine, ile koki ya kuchotea maji, na kama ulikuwa umeweka kiganja juu ya robine, uliisikia mkononi kabla ya kuisikia sikioni. Sauti ya baba yangu ya kusema nimeisahau. Hiyo ya kugonga sijaisahau.

Baba alikuwa fundi wa maji hapa Kindu. Mabomba aliyoyatunza yalikuwa ya chuma, yalilazwa wakati wa Wazungu, yeye mwenyewe hajazaliwa. Barabarani, kama hatua mia moja kutoka kwetu, kulikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali, na ndani yake vana ya kufungulia maji ya mtaa wetu. Maji hayakuja kila wakati. Kwa hiyo baba, kabla ya kufungua vana, alipiga bomba mara tatu kwa kle yake, ule ufunguo mkubwa wa mafundi, ili wanawake walete mabeseni. Ilikuwa desturi yake ya kazi. Mafundi wengine hawakugonga chochote, unashtukia tu robine inakohoa na wewe huna hata kikombe mkononi.

Halafu jambo la kazi likawa jambo la nyumbani. Jioni, akirudi, alipita shimoni, akainama, akagonga. Mama akisikia alisema, "Njo yeye," yaani ndiye huyo, akaweka sufuria ya maji motoni. Maji yakianza kuchemka, baba alikuwa mlangoni anavua viatu, na mama anamwaga unga. Ugali wa baba haukupoa hata siku moja. Majirani walimcheka mama: "Weye, muntu wako anakupigia simu ya chini ya udongo!" Na simu zenyewe wakati ule tulikuwa hatujazishika.

Basi vita vikaja.

Sijui kueleza vita vizuri. Nilikuwa na miaka minane, na shule nimeiachia darasa la sita. Ninachojua ni kwamba mji ulifungwa. Waliokuwa mjini walikuwa na bunduki, waliokuwa msituni walikuwa na bunduki, na mashamba yetu yalikuwa katikati. Muhogo wetu ulikuwa upande wa Kailo, ukaozea huko huko udongoni, kwa sababu njia ile hakuna aliyethubutu kuishika.

Miezi ya mwanzo maji yalikuwa bado yanakuja, lakini kila kitu cha kutengenezea kilikuwa kimekwisha, na zaidi rakori. Rakori ni kile kipande kifupi cha kuunganishia: upande mmoja kina meno ya kushika chuma cha zamani, upande wa pili kina mdomo wa kupokea bomba jipya la plastiki. Bila rakori, bomba jipya na bomba la zamani ni kama shemeji wawili waliogombana, huwezi kuwakalisha mkeka mmoja. Baba alitafuta ujanja. Alipasha ncha ya plastiki juu ya makaa mpaka ikalegea kama ndizi iliyoiva sana, akaisukuma juu ya chuma, akaikaza kwa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli na waya. Ilivuja. "Itashika mpaka vita viishe," alisema. Alisema hivyo juu ya vitu vingi. Juu ya viatu vyangu pia.

Baadaye mashine ya maji ikanyamaza kwa kukosa mafuta, robine ikakauka, tukawa tunateka mtoni. Lakini baba hakuacha kugonga. Hakuna maji, hakuna kazi, anashinda akiziba ndoo za watu, ila jioni, ko, ko… ko. Na bomba kwa kuwa lilikuwa tupu, liliita vizuri kuliko zamani.

Walipokuja kumchukua ilikuwa asubuhi. Askari watatu. Mmoja akauliza mlangoni, "Fundi wa maji njo nani?" Walitaka bomba la kambi yao litengenezwe, huko ng'ambo ya mto. Hawakumpiga, hawakumfokea. Baba akachukua mfuko wake wa vyombo, akamwambia mama, "Sitakawia. Mukinisikia, muweke maji."

Mama akamjibu, "Na mazungumuzo yako huko yasizidi."

Mimi nilimshika suruali. Akanigonga utosini kwa kidole, taratibu, mara tatu. Nikacheka. Mwisho ni huo.

Siku ya kwanza mama alifanya kazi zake huku anasikiliza. Siku ya pili aliketi juu ya jiwe karibu na robine. Kufika siku ya tano alikuwa hainuki tena. Kiganja juu ya robine, macho chini. Kulikuwa na unga wa muhogo kidogo, bakuli moja, ameufunga kwa kitambaa: huo ulikuwa wa baba. Mimi alinipa matembele ya kuchemsha, yeye hakula.

Siku ya sita, alasiri, alinituma nichume majani pembeni ya barabara. Nilikwenda na kijiko cha chuma, ili nikikuta kimzizi chochote nikichimbe. Nikafika kwenye shimo la vana. Mfuniko wake ulikuwa umeshaibwa. Nikashuka ndani. Kulikuwa na baridi kidogo na harufu ya kutu, ile harufu iliyokuwa kwenye mashati ya baba. Wallahi sikupanga kitu. Nilitaka tu mama asimame. Nikagonga bomba kwa kijiko. Mbili, nikavuta pumzi, ya tatu.

Nilisikia kelele ya mama hata pale nilipokuwa. "Njo yeye! Njo yeye!"

Nilipanda haraka, nikazunguka nyuma ya nyumba za watu, nikaingia uani nikiwa na majani yangu. Moto ulikuwa unawaka. Sufuria ilikuwa juu. Mama amevaa kitenge chake cha sikukuu, kimekunjamana kwa kukaa sandukuni, na alikuwa anacheka. "Umemuona baba yako barabarani?"

"Sikumuona," nikasema. Na kweli, sikumuona.

Maji yakachemka. Akamwaga unga, wote. Akasonga, akapakua, akafunika sahani kwa beseni. Baba hakufika. Mama akatoka mbio mpaka shimoni, na bahati mbaya wakati huo huo gari la askari lilikuwa limepita, vumbi bado liko hewani. Akasimama katikati ya vumbi lile. Aliporudi alikuwa ameshapata maelezo yake: baba amefika mpaka shimoni, amegonga, wakamkamata tena pale pale, wakampakia.

Sahani ile ilikaa chini ya beseni mpaka kesho yake. Halafu tukala, yeye na mimi. Nilikuwa na njaa, nikala sehemu yangu yote.

Vita vilikwisha, au vilipungua, sijui niseme vipi. Watu waliowapoteza watu wao waliwasomea hitima, wakalia, wakanyoa, wakaendelea. Mama hakutaka. "Muntu aliyegonga hajakufa," aliwaambia. Alikuja hata mwanaume mmoja mchimba dhahabu kutoka machimbo ya Kama, mpole, ana meno mazuri, akitaka kumwoa. Mama akamkaribisha chai, akamwambia, "Baba, mimi niko na bwana. Amechelewa tu."

Nami nilinyamaza. Kwanza niliogopa kupigwa. Nilipokua nikamhurumia. Baadaye ikawa kama mwiba ulioota nyama juu yake: unajua upo, lakini unatembea. Tena mimi si mtu wa huzuni, anayenijua atawaambia. Nasuka nywele sokoni chini ya turubai, ninacheka na wateja mpaka wananiambia nisuke kwanza. Ninaota saluni. Nimeshaiona yote kichwani: ukuta wa waridi, viti viwili, na sinki ambalo mteja analaza kichwa nyuma, maji ya vuguvugu yanamwagika, yeye anafumba macho. Kila siku namweleza mama, naye ananijibu, "Sinki iko, maji iko wapi?"

Maji. Robine yetu ilikuwa inatoa siku moja katika wiki, ikipenda, na siku nyingine zote tuliteka kwenye chemchemi ya chini ya mteremko. Mwaka huu mama aliteleza pale na dumu kichwani. Nyonga yake haijarudi kuwa nyonga. Anatembea kwa fimbo, na bado mara mbili nimemkuta njiani na dumu, anasema nimechoka sana na wateja wangu, anataka kunisaidia. Niliona wazi kwamba akianguka mara ya pili hatasimama.

Basi wakaja watu wa mradi wa maji. Wakachimba mtaro mrefu barabara nzima, wakalaza bomba la plastiki nyeusi lenye mstari wa buluu, na kila nyumba ikaambiwa itaunganishwa. Fundi wao wa mtaa wetu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba zamani. Anamwita mama shemeji. Alifika na msumeno wa chuma begani, anatabasamu.

"Shemeji, leo unaolewa na maji! Tunakata hapa pembeni ya ua, tunatia rakori, na robine ya kaka yangu inabaki pale pale alipoisimamisha."

"Mutakata nini?" mama akauliza.

"Tiyo, hili bomba la zamani. Imeoza, shemeji. Toka hapa mpaka barabarani ni kutu tupu, njo maana maji hayakufikii."

Mama akaja na fimbo yake, akajishusha polepole, akaketi juu ya ukingo wa mtaro, miguu ndani, juu ya bomba lenyewe. "Ukate muguu wangu kwanza. Anza na huu mubovu."

Fundi akacheka. "Muguu wako hautoi maji, shemeji."

"Na plastiki yako inatoa sauti?"

Hapo fundi akaacha kucheka. Aliijua ile desturi ya baba, wote walioshika kle naye waliijua. Akachukua kipande cha plastiki, akakigonga. Pu, pu, pu. Kama kumpiga mtu mgongoni. "Hii ni bubu," akasema. "Siwezi kukudanganya."

"Basi akigonga, nitamusikia wapi?"

Fundi akaangalia msumeno wake. Halafu akanivuta pembeni. "Binti, kesho kutwa tunafukia mutaro. Ukifukiwa, nyumba yenu imebaki. Sema na mama yako." Akanitia rakori mkononi na kuondoka. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani: meno ya shaba upande huu, mdomo mweusi upande ule. Nilishinda nayo mfukoni mwa aproni, vichana vyangu vinaigonga kila nikiinama juu ya kichwa cha mteja. Siku ile mteja mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Nikinyamaza, mama atabaki na bomba lake bovu na dumu lake, mpaka mteremko umwue. Nikisema, nitakuwa nimemwua baba, mimi, kwa mdomo wangu. Sikuona njia ya tatu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye ungo. Nikakaa mbele yake chini.

"Mama. Siku ile ya kugonga. Ilikuwa mimi."

Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakunisikia.

"Nilishuka shimoni. Nilitaka usimame. Baba hakuwako, Mama. Hapakuwa na muntu."

Mikono yake ikasimama juu ya majani. Kuku akaja, akadonoa ukingo wa ungo, mama hakumfukuza.

"Uligonga na nini?"

"Na kijiko."

"Kijiko gani?"

"Kile cha chumvi." Tulikuwa nacho bado. Tunacho hata leo.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomshinda siku nyingi. "Njo maana," akasema. "Sauti ilikuwa nyembamba. Niliisikia. Nikajisemea, mukono wake umechoka kule, hawamupi chakula. Njo maana nilipika unga wote."

Hakunipiga, hakulia. Akanisukumia ungo. "Maliza hii," akasema, akajiinua kwa fimbo, akaingia ndani, akarudisha mlango.

Nilichukua kinu nikatwanga. Nilitwanga sombe ile kwa nguvu kuliko inavyotaka, pwa, pwa, pwa, ili asisikike nje, ili alie anavyopenda. Jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Weye, unatwanga sombe ama mawe?"

"Mawe!" nikamjibu, na kicheko kikanitoka, na machozi yakaingia kwenye kinu.

Asubuhi mama alikuwa ameshafungua sanduku. Akanituma kwa shehe wa mtaa. "Umuulize, mwanamuke aliyengoja bwana yake tangu mutoto wake ana miaka nane mpaka sasa mutoto ni muntu muzima, eda yake inaanza siku gani." Shehe aliuliza mambo mengi, akashika ndevu, akasema kwa mtu aliyepotea vitani muda wote huo hakuna ubaya kumhesabu amekufa, na eda tuianze siku hiyo. Wakaja wanawake, wakamvika nguo nyeupe. Wanaume wachache wakasoma hitima uani, mikeka imetandikwa ukingoni mwa mtaro kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Baba alisomewa miaka yote hiyo baadaye, na mchanga wa mtaro ukiingia viatuni mwa watu.

Kabla ya kufungiwa ndani, mama aliniambia neno moja tu juu ya lile bomba. "Mwambie yule fundi akate."

Fundi akaja. Kwa kuwa mama alikuwa edani, alimsalimia kwa kupitia pazia. "Shemeji, pole. Pole sana."

"Nimepoa. Kata."

Msumeno ukalia muda mrefu. Unga wa kutu ukaanguka mwekundu juu ya mchanga. Chuma kilipoachana, fundi alikichonga meno kwenye ncha, akayasugua kwa brashi ya waya mpaka yakaonekana, akatoa zile nyuzi wanazozungushia kwenye meno ili maji yasivuje, nyuzi ndefu za rangi ya mahindi makavu, kama nywele. Akanipa. "Si weye musukaji? Suka."

Nikaanza. Akanipiga mkono. "Mutoto wa fundi, aibu gani hii! Ufuate njia ya meno. Ukizungusha kinyume, rakori ikikazwa inazifukuza zote."

Nikazitoa, nikaanza upya, nikifuata njia ya meno, uzi juu ya uzi, nikazibana kwa kidole gumba kama ninavyobana mwanzo wa msuko. Fundi akaikaza rakori juu yake, upande wa shaba. Halafu akaingiza plastiki upande wa pili, akafunga pete yake kwa mkono, akamalizia kwa kle. Chuma cha baba upande huu, bomba jipya upande ule, na katikati kile kipande kifupi ambacho baba alikikosa.

Akaenda kufungua. Robine ikakohoa, ikatema hewa, ikatoa maji mekundu kama chai.

"Imekuja?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Imekuja, Mama."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Tukangoja.

"Na sasa?"

"Sasa naona mukono wangu ndani."

"Basi niletee ya kutawaza."

Nikampelekea birika. Alilipokea bila kuniangalia, akalipima uzito, akanishika kidogo kwenye kifundo cha mkono, halafu akaniachia.

Jioni ile, kabla ya magharibi, fundi alikuwa anakusanya vyombo vyake. Alisema imebaki kazi moja. Kule shimoni ameshaitenga njia yetu ya zamani, lakini mdomo wake kwenye bomba kubwa umebaki wazi, na mtaa wa chini bado unatumia bomba la chuma, uchafu utaingia. Magoti yake yalikuwa yamekataa kushuka tena. Akanipa kifuniko kidogo cha chuma chenye meno, nyuzi kidogo, na kle yake. "Shuka weye," akasema. "Weye unalijua shimo lile."

Sijui kama kuna aliyemwambia. Sikumuuliza.

Nilikwenda peke yangu. Matofali yalikuwa na kuvu, na shimo, ambalo nililikumbuka kubwa, lilinifika kiunoni. Harufu ni ile ile. Mdomo wa bomba ulikuwa wazi, mweusi, unaelekea nyumbani. Nilizungusha nyuzi kwa kufuata njia ya meno, nikafunga kifuniko kwa vidole mpaka kikakataa. Halafu nikaishika kle kwa mikono miwili, nikaisogeza polepole sana, isije ikagonga chuma, nikakaza.